Nani Alimfunga Kamba?

Mwaka jana nililipwa nimzae mwanamume wa Kiitaliano. Mteja wangu, Mmarekani ambaye sijawahi kumwona uso, alitaka kurasa sita: jina, mwaka wa kuzaliwa, ukoo, mji, mavazi, chakula, kinachomchekesha na kinachomtisha. Awe mtu wa kasri, mmoja wa wale waliozunguka watawala wa Italia mwanzoni mwa karne ya 16, zama za Renesansi. Mteja angemvaa wikendi kwenye mikutano ya watu wanaoigiza historia. Angeitikia kwa jina hilo, angeinama kwa namna hiyo, angekula kuku kwa vidole bila kuchafua mkono wa shati.

Kwangu haikuwa kazi ya ajabu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa kupatikana, na tangu hapo nakula kwa kuandikia watu. Nimekuwa muuguzi wa Ohio anayeomba nafasi ya masomo. Nimekuwa mwanafunzi wa biashara aliyeguswa sana na somo la uongozi. Nimekuwa baba anayemwandikia bintiye hotuba ya harusi, na hiyo nakiri nililia kidogo nikiiandika. Kwa hivyo kumvalisha mtu maisha ambayo si yake ni kazi ninayoijua vizuri.

Maelekezo ya mteja yalikuwa marefu, lakini jambo moja lilinishika. Alitaka mhusika wake awe msomi, mpiganaji, mjuzi wa dansi na muziki, lakini asionekane kama anajikaza. Hilo alilisisitiza mara mbili. Nilipoanza kusoma ili nisimdanganye, nikagundua sharti hilo lina miaka karibu 500, na lina mwenyewe.

Mwenyewe ni Baldassare Castiglione, mwanadiplomasia aliyezaliwa karibu na Mantua. Kitabu chake, Il libro del Cortegiano, yaani kitabu cha mtu wa kasri, kilichapishwa Venice mwaka 1528. Nilikisoma kwenye simu, katika tafsiri ya zamani ya Kiingereza isiyolipiwa, usiku ploti ikiwa imetulia. Mambo yanatokea katika kasri la Urbino, Machi 1507. Mtawala, Guidobaldo da Montefeltro, anasumbuliwa na jongo na huenda kulala mapema. Wengine hukusanyika kwa mkewe, Elisabetta Gonzaga, na kwa jioni nne wanacheza mchezo mmoja: kumjenga kwa maneno mtu wa kasri aliyekamilika. Azaliwe wapi? Ajue kupigana kiasi gani? Aimbe mbele ya nani? Avae rangi gani? Apige mizaha ya aina gani?

Kumbe kazi niliyopewa ndiyo kitabu chenyewe. Watu wamekaa chumbani usiku wakimbuni mtu asiyekuwepo.

Na ni kitabu kitamu, nisikufiche. Nilitarajia orodha ya adabu, nikapata watu wanaobishana. Mmoja anasema hivi, mwingine anamkata kauli, Emilia Pia, anayeusimamia mchezo, anawatania wote wawili. Castiglione hatoi hukumu kila mara. Anakuacha na hoja mbili mkononi. Ukisoma miongozo ya siku hizi ya namna ya kujenga mhusika wa Renesansi, ile ya chagua jina, chagua mji, chagua kofia, unahisi kilichopotea ni huo ubishi.

Wa kwanza kupewa zamu ni Ludovico da Canossa, na ndiye anayeleta neno lililokifanya kitabu kiishi: sprezzatura. Kiswahili hakina neno moja la kulibeba. Madaha yanakaribia, lakini madaha hutaka kuonekana. Mikogo ndiyo mbali zaidi. Maana yake ni kuficha ufundi wako kiasi kwamba jambo gumu lionekane limekujia tu ukiwa njiani kwenda mahali pengine. Mfikirie mpishi wa chapati pale kibandani, anazigeuza kwa vidole vitupu huku anakuuliza habari za kwenu, na hazitazami kabisa. Miaka kumi ya kuungua vidole iko hapo, lakini wewe unaona mkono tu unapita.

Kama ni hivyo tu, sina neno. Kila anayeandika anajua sentensi nzuri ni ile isiyoonyesha mara ngapi ilifutwa. Tatizo langu na Castiglione lilianza nilipofika sehemu ya mavazi, kwa sababu mteja alitaka kurasa mbili nzima za mavazi.

Mtu wa kasri wa 1507 havai suruali kama tunavyoijua. Anavaa soksi ndefu za kitambaa zinazopanda hadi kiunoni, na juu anavaa koti fupi la kubana, farsetto. Soksi zinashikiliwa na koti hilo kwa kamba ndogo nyingi, kila moja inapita tundu lake na kufungwa. Kamba za mbele unaweza kuzifunga mwenyewe. Za nyuma ni taabu tupu. Nilikaa kitandani na kipande cha karatasi nikichora matundu, nikijaribu kuelewa mkono unafikaje kule, ndipo nikaelewa kwamba jibu ni rahisi: mkono si wako.

Nikarudi kwenye kitabu kumtafuta mwenye huo mkono. Sikumpata. Castiglione anapendelea mavazi meusi au ya rangi nzito, yenye utulivu. Ukitazama picha yake aliyochorwa na Raphael, iliyoko Louvre, Paris, ndiyo hivyo: nyeusi, kijivu, na shati jeupe likichungulia kifuani. Inaonekana kama nguo ya mtu asiyejali nguo. Lakini nyeusi iliyokolea ilikuwa rangi ya gharama, kitambaa kikitumbukizwa kwenye madawa tena na tena mpaka kikubali. Na shati jeupe linalochungulia vile lina mama fua wake mahali fulani, mikono imevimba kwa maji.

Leo ukizuru kasri la Urbino unaweza kushuka chini ya vile vyumba vizuri ukakuta jiko, mazizi ya farasi na mahali pa kufulia, vyote vimejengwa kwa ustadi uleule wa juu. Familia ya mtawala ilikuwa na mamia ya watu wa kazi. Jioni ya nne mazungumzo yanaendelea hadi kunakucha, wanafungua madirisha na kuona anga limeanza kung'aa. Ni ukurasa mzuri sana. Lakini mishumaa ya usiku kucha haikujibadilisha yenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya sprezzatura, na sidhani ni kasoro ndogo. Canossa anaizungumzia kana kwamba jasho linalofichwa ni la mwenyewe: nilifanya mazoezi, nisikuonyeshe. Kumbe sehemu kubwa ya jasho linalofichwa ni la wengine. Wepesi wa mtu mmoja chumbani umebebwa na watu ambao hawaruhusiwi kuwa chumbani, au wapo chumbani na kitabu hakiwaoni.

Castiglione mwenyewe alikuwa bingwa wa kujificha. Kitabuni anasema hakuwepo jioni zile, alikuwa Uingereza, na anasimulia alivyosimuliwa. Ni kweli Guidobaldo alimtuma Uingereza mwaka 1506 akapokee kwa niaba yake nishani ya Garter kutoka kwa Henry VII. Lakini kufikia Machi 1507 alikuwa amesharudi. Alijiondoa chumbani makusudi, kisha akatumia miaka mingi kuandika na kufuta na kuandika upya mazungumzo yanayosikika kama yametoka tu midomoni. Wakati kinachapishwa, wengi wa waliokuwa chumbani mle walikuwa wamekufa, naye alifuata mwaka 1529. Kwa hiyo hata yeye alikuwa anaigiza historia. Alivaa Urbino ya ujana wake kama mteja wangu anavyovaa Urbino ya kununua. Kwa hili namheshimu. Lakini nikimwona mwandishi amefuta jina lake mahali alipofanya kazi, moyo wangu unastuka kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo ajira yangu.

Niwe wa haki kwa waigizaji. Kundi linalojulikana zaidi kwa mchezo huu ni Society for Creative Anachronism, lililoanzia kwenye sherehe ya uani kule Berkeley, California, Mei 1966, na sasa lina watu nchi nyingi. Sheria zao zinavutia. Zama zao zinaishia kabla ya karne ya 17. Huruhusiwi kuwa mtu maarufu wa historia, lazima ubuni wako. Cheo huwezi kujipa, unatunukiwa. Mfalme hupatikana kwa kupigana, kwa panga za henzirani, si kwa kuzaliwa. Na kila anayeingia huchukuliwa kuwa ana angalau damu kidogo ya uungwana.

Tena wengi wao hushona wenyewe. Wanajifunza mshono wa karne ya 15, wanafundishana, wanatunzana kwa ufundi huo. Ukimsifu mtu shati lake, atakukalisha nusu saa akueleze uzi alivyoutafuta. Hiyo ni kinyume kabisa cha sprezzatura, na nafikiri ndicho kitu bora katika mchezo mzima. Mtu wa kasri anayejivunia sindano yake ni mtu ambaye Castiglione asingemwelewa. Kumbe katika umati huo wote, aliyemkaribia zaidi Castiglione ni mteja wangu, ambaye hakushona wala hakuandika. Alilipa, akatokea akiwa tayari mwepesi.

Ile sheria ya kwamba wote ni waungwana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilipojaribu kumpa mhusika wangu jina la Kiswahili ili nimwelewe, neno lililokuja lenyewe ni muungwana. Siku hizi tunalitumia kwa wema: kuwa muungwana basi, mpishe mama akae. Lakini kule Lamu na Pate ya zamani, muungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, na upande wa pili wa neno hilo alisimama mtumwa. Adabu ilikuwa na ukuta. Mwana Kupona, alipomwandikia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, miongoni mwa mengi alimwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Wosia huo unauma kuusoma leo. Lakini angalau kwa Mwana Kupona watumwa wamo nyumbani. Unajua ni nani yuko jikoni. Castiglione, katika jioni nne, anazungumza hadi kunakucha na hamwoni aliyeshika mshumaa.

Na walikuwepo, wengine wametoka kwetu huku Afrika. Mwaka 1491 Isabella d'Este wa Mantua, wifi yake Elisabetta, yule ambaye chumba chake ndicho jukwaa la kitabu, alimwandikia wakala wake Venice amtafutie msichana mweusi, wa kati ya mwaka mmoja na nusu na minne, mweusi kadiri iwezekanavyo. Soma umri tena. Huyu Isabella ndiye anayetajwa kila mahali kama kielelezo cha mwanamke wa Renesansi: mwenye ladha, mlezi wa wachoraji. Sina shaka alikuwa na hayo yote. Mtoto huyo naye alikuwa sehemu ya ladha.

Nikajiuliza, nikienda mimi kwenye mikutano yao, niwe nani? Kwa sheria ya mchezo naruhusiwa kuwa muungwana wa Urbino kama yeyote, na hakuna atakayeniuliza. Ni ukarimu, nakubali. Ila ni ukarimu unaofuta swali. Ukimpa kila mtu damu ya uungwana, umeondoa watumishi wote kwenye kasri kwa siku moja, na kamba za nyuma zinabaki zikining'inia.

Katika kusoma nilimpata mtu mmoja niliyetamani kuwa. Anaitwa John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi katika kasri la Uingereza. Malipo yake yanaonekana kwenye hesabu za Desemba 1507, mwaka mmoja tu baada ya safari ya Castiglione kule: peni nane kwa siku. Mwaka 1511 alichorwa kwenye hati ndefu ya michuano ya Westminster, juu ya farasi, kilemba kichwani, tarumbeta mdomoni. Na kuna karatasi nyingine iliyobaki, ombi lake kwa Henry VIII. Anaomba nyongeza. Anasema mshahara haumtoshi, anataka kulipwa sawa na wapiga tarumbeta wengine, peni 16. Alipewa.

Hilo ombi nimelifikiria kuliko sura yoyote ya Castiglione. Ni andiko la mtu wa kasri lisilo na sprezzatura hata chembe. Linasema: hii ni kazi, nimeifanya, bei yake ni hii.

Kuna mahali Castiglione anakaribia kuliona jambo hili. Gaspare Pallavicino, kijana mbishi, anapinga kwamba mtu wa kasri lazima azaliwe katika ukoo mkubwa, kwa sababu vipaji haviulizi ukoo. Canossa anamjibu kwa namna ambayo ni kama kukiri kosa bila kutaka: chukua watu wawili wasiojulikana, sema huyu ni wa ukoo na yule si wa ukoo, na huyu wa kwanza ataheshimiwa kabla hajafanya lolote. Yaani nusu ya ubora ni tetesi zilizotangulia mlangoni. Naijua hiyo. Nilipokuwa nikiomba kazi za uandishi kwa jina langu lote, kimya. Nilipobakisha herufi mbili za mwanzo na jina moja linaloweza kuwa la mtu wa popote, wateja wakaanza kujibu. Maandishi yalikuwa yaleyale.

Na kitabu cha nne kina jambo ambalo miongozo yote ya wahusika hulisahau. Ottaviano Fregoso anauliza, haya yote ni ya nini? Dansi, lute, mizaha, nguo nyeusi? Anajibu kwamba mtu wa kasri anajipamba ili apendwe na mtawala, na akishapendwa aweze kumwambia ukweli bila kufukuzwa. Hapo kitabu kinasimama wima. Urembo unapata kazi ya kufanya. Nilimwandikia mteja kumuuliza: mtu wako ana ukweli gani ambao anasubiri kumwambia mtawala wake? Alijibu siku hiyohiyo, kwa furaha, akasema hajawahi kufikiria hilo, akaniongezea malipo ya ukurasa wa saba. Kwa hivyo usidhani namsema kama mtu mbaya. Alikuwa msomaji mzuri kuliko walimu wangu kadhaa.

Tulitofautiana mahali pamoja tu. Katika ukurasa wa nne nilikuwa nimeweka kijana. Sikumpa mengi: anaamka kabla ya bwana wake, anapasha maji moto, anafunga kamba za nyuma, ana kidonda kidoleni kwa sababu ya ncha za chuma za kamba hizo, na anajua kuhusu bwana wake mambo ambayo mtawala hayajui. Nilimwona kuwa ndiye anayemfanya yule bwana aaminike. Ukitaka kuigiza mtu aliyevalishwa maisha yake yote, lazima mwili wako ujue namna ya kusimama huku mtu mwingine anakugusa mgongoni bila wewe kugeuka.

Mteja aliomba nimtoe. Sababu yake ilikuwa ya kweli kabisa: hakuna mtu kwenye kundi lao atakayekubali kuigiza huyo. Kila mtu analipa nauli, anakata likizo, anashona miezi sita, kisha aje awe mfunga kamba? Nilimwelewa. Hata mimi nisingekubali.

Nikamfuta. Nikatuma kurasa saba safi, zisizoonyesha kwamba kuna mtu aliyezikesha. Pesa ikaingia, nikalipa nyumba na kununua tokeni za stima. Mwezi uliofuata mteja alinitumia picha yake akiwa kwenye uwanja wa nyasi: farsetto nyeusi, shati jeupe, mkono mmoja kiunoni, uso wa mtu ambaye hajajikaza hata kidogo. Amependeza, siwezi kukataa. Niliikuza picha nikatafuta mgongo, lakini alikuwa amesimama akitazama mbele.

Wiki hiyo nilimwandikia mteja mwingine, wa siku nyingi, nikamwambia kazi imekuwa kubwa kuliko bei, na nikataja bei yangu mpya. Niliandika kwa ufupi, bila mapambo, na nikaweka jina langu lote chini. Bado nasubiri jibu.